Fundi Saa Aliyeipima Kariakoo

Mkutano ule ulitugharimu shilingi ishirini na nne na nusu. Waya wa shaba shilingi nne, donge la risasi shilingi tatu, koti la kukodi kwa siku mbili shilingi kumi, chai na maandazi shilingi mbili na nusu, na nazi ishirini na tano zilizotembea zenyewe siku nilipofunga banda langu sokoni. Hizo nazi nimeziweka kwa senti ishirini kila moja, bei ya jumla, nisije nikaambiwa ninapandisha. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Kilichopotea zaidi ya hapo hakina bei sokoni, na kilikuwa cha Fundi Saa, si changu.

Kwao sitasimulia kwa sababu sikujui. Watu walisema ametoka milimani, kwenye baridi, na yeye hakukanusha wala kukubali. Mimi nilimkuta dirishani kwake Mtaa wa Kongo, nikamwacha hapohapo miaka yote. Dirisha lenyewe lilikuwa upana wa mikono miwili, limebanwa kati ya duka la kanga na duka la majembe. Ndani kulikuwa na saa za ukutani arobaini na moja. Nilizihesabu nikimsubiri, na kwa kuwa alichelewa sana, nikazihesabu tena. Hakuna mbili zilizokubaliana.

Mtu asiyemjua angepita akauliza, "Fundi, saa ngapi sasa?"

"Ya nani?"

"Ya nani vipi? Saa ngapi?"

"Hii ya mwenye hoteli inasema saa tisa. Ile ya bwana mmoja wa Upanga inasema saa nne. Chagua inayokufaa."

Mkononi hakuvaa saa. Muuza kanga jirani yake alimtania kila wiki kwa jambo hilo, naye alimjibu kila wiki, bila kuinua uso, "Daktari anatembea na wagonjwa mfukoni?" Tena alikuwa mtu wa kuchelewa kuliko wote niliowahi kujua. Mazishini alifika watu wananawa mikono. Ukimwambia njoo saa mbili asubuhi, ungemwona saa nne, anatembea taratibu, anatazama vivuli vya nguzo kama anayevisahihisha.

Nguzo ya maneno yake ilikuwa moja: "Saa haisemi uongo. Inasema ilivyofundishwa." Aliitumia kwa saa, kwa watoto wa jirani, kwa karani wa soko, hata kwa kasuku wa muuza majembe. Nami nilidhani ni maneno ya kufukuzia wateja wenye haraka.

Mapatano hakuyataka. Hapo ndipo tulipoanza vibaya, maana mimi siku nisipopatana na mtu silali vizuri. Saa yangu ya mfukoni ilikufa, nikampelekea. Akaifungua, akaipulizia, akasema, "Shilingi sita."

"Tatu, Fundi."

"Sita."

"Basi nne, na nazi mbili nakuletea mwenyewe."

"Sita."

"Wewe biashara huijui."

"Naijua. Mimi bei naitaja mara moja, wewe unaitaja mara nane, na mwisho wa yote tunafika palepale."

Nililipa sita. Baada ya siku tatu alinirudishia saa ikitembea, na juu yake shilingi moja na nusu. Nikamuuliza hizi za nini. Akasema, "Nilidhani springi imekatika. Haikukatika. Sikuitumia." Nikasimama pale na shilingi moja na nusu mkononi, nimekasirika. Mtu huyu alikataa kupunguza hata senti nilipomwomba, kisha akapunguza bila kuombwa. Ungepatana naye vipi mtu kama huyo?

Nyongeza nayo hakuitaka. Aliishi peke yake, akanunua nazi moja tu kila alipopika, na nikimtupia kidafu juu yake kama desturi yetu, angekirudisha kesho yake asubuhi. Yaani saa nne. "Nimenunua moja," angesema, anakiweka juu ya lundo. Mimi nikamwona mchoyo wa kupokea, ambaye ni mbaya kuliko mchoyo wa kutoa.

Sasa jambo lililomkera Fundi kwa miaka lilikuwa saa moja ya ukutani, yenye timazi: ule mti mwembamba wenye kisahani chini, unaokwenda huku na huku. Ililetwa kutoka milimani na familia moja ya Kichaga iliyofungua duka la jumla Mchikichini. Kule kwao, walisema, saa ilikwenda sawa miaka kumi. Ilipofika Dar es Salaam ikaanza kuchelewa. Fundi aliisafisha, akaitia mafuta, akaibadilisha mahali. Ikachelewa vilevile.

"Ni joto," nilimwambia. "Hata mimi nachelewa kwa joto."

"Huenda joto limeurefusha mti wake," alisema. "Au huenda ardhi ya huku inavuta vingine kuliko ya kule. Timazi huvutwa na ardhi. Nikijua ardhi inavuta kiasi gani hapa, nitajua cha kulaumu."

"Na ukishajua, mwenye saa atakulipa zaidi?"

"Hapana."

"Basi unatafuta nini?"

Akanitazama kupitia kile kioo chake cha jichoni, jicho likawa kubwa kama yai. "Kujua," akasema.

Aliyempa njia ni Bi Mwalimu, mama wa Kihindi wa Upanga aliyefundisha fizikia katika shule ya wasichana na kumpelekea Fundi saa zote za ukoo wao. Huyu ndiye aliyemweleza hesabu: ning'iniza uzito kwenye waya, pima urefu wa waya, uachie uende na kurudi mara mia, tazama umetumia muda gani, na kutoka hapo utapata nguvu ya ardhi mahali pale. Ndiye pia aliyemwambia kwamba mjini kutakuwa na mkutano wa fizikia wa nchi nzima, walimu na wanafunzi wa shule, wachunguzi wa miamba na wa hali ya hewa, na kwamba kila kipimo kitakachokubaliwa kitachapwa katika kitabu cha mkutano, mstari wake na jina la aliyepima.

Jina hakulijali sana. Alitaka iandikwe kazi na mahali: fundi saa, Kariakoo. Aliniambia hivyo mara moja tu, akakohoa, akaendelea kufungua skrubu. Lakini mtu aliyezoea kusikiliza bei anajua pale sauti inapotetemeka. Nilijua ule mstari mmoja angeununua kwa bei yoyote.

Waya ulitaka mahali parefu, na boriti ya banda langu la nazi ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote upande ule wa soko. Kodi ya boriti nilimwomba shilingi mbili. Akaniambia, "Boriti haitachakaa." Nikamfungulia banda, na huo ukawa upatanaji pekee alioshinda kwa haki.

Alihitaji pia mhesabu. Yeye macho yake yangekuwa kwenye saa, asingeweza kuangalia waya. Alikuwa amenitazama siku lori la Kisiju liliposhusha nazi elfu mbili na mia nne, nikazihesabu huku ninagombana na dereva kwa mdomo na mnunuzi kwa nyusi, nisipoteze hata moja. Hesabu ya nazi ina namna yake. Unazipitisha mkononi kimyakimya, mdomo haufunguki mpaka hamsini. Ukifika hamsini unapaza sauti, "Hamsini!", na papo hapo unachukua moja unaitupa pembeni bila kuitaja. Hiyo ni alama kwamba hamsini imetimia, na ni ya mnunuzi, haihesabiwi. Anayeihesabu ataitwa mchoyo mpaka Mbagala. Kisha unaanza tena, moja, mbili. Mimi nilifanya hivyo tangu nilipokuwa na umri wa kubeba nazi mbili, na baada ya lundo kwisha nilizoea kulirudia lote, ndiyo maana Fundi akaniita Bwana Hesabu.

"Shikamoo, Fundi," nilimwambia Jumapili ile ya kwanza, saa nane mchana, soko limelegea.

"Marahaba. Mikono yako iko safi?"

"Nahesabu kwa mikono au kwa macho?"

"Sitaki uguse waya."

Alifunga donge la risasi, Bi Mwalimu akapima urefu kwa rula ya shule akiwa juu ya ngazi, muuza majembe akaishika ngazi na kutoa maoni. Fundi akaliachia donge. Likaenda polepole mpaka upande wa mlango, likarudi. Kila lilipofika mlangoni boriti ililia kidogo, nyii, kama mtu anayegeuka kitandani. Mimi nikakaa mbele ya lundo langu, nikahesabu kimya, nikapaza "Hamsini!" na kutupa nazi ya alama pembeni, nikaendelea, nikapaza "Mia!", nikatupa ya pili, naye akabana saa yake ilipotua. Jumapili ya pili tukarudia. Majibu yakakubaliana kabisa. Nilijivuna. Nilimwambia muuza kanga kwamba jambo likihesabiwa mara mbili na mtu mmoja, limekwisha.

Bi Mwalimu alipiga hesabu zake kwenye karatasi, akazipiga tena. "Fundi," akasema, "hii iko chini. Katika kila ratili mia, hapa kwenu zinapungua ratili nne."

Habari hiyo ilizunguka soko lote kabla chai haijapoa. Muuza samaki, ambaye mizani yake ilikuwa na kesi za miaka mingi, alisimama juu ya sanduku akasema, "Sasa mmesikia kwa wasomi. Siku zote nawaambia si mizani, ni ardhi."

Fundi peke yake hakucheka. Alikagua waya, akakagua saa yake kwa mlio wa redio siku saba mfululizo. Vyote vilikuwa sawa. Mhesabu hakumkagua. "Kama ndivyo ilivyo," alisema mwishowe, "nitasema ilivyo."

Ukumbi ulikuwa upande wa pili wa Mnazi Mmoja. Fundi alifika amechelewa siku zote mbili, ndani ya koti la kukodi ambalo mikono yake ilimfika vidoleni. Mimi nilikaa karibu na mlango na kanzu yangu ya Ijumaa. Nilihesabu viti: mia moja na themanini na sita. Watu walizungumza Kiingereza kirefu, wakachora ubaoni, wanafunzi wakaandika kila kitu hata pale mtu alipokuwa anaomba maji. Kulikuwa na kijana aliyeonyesha jinsi mwanga unavyovunjika ndani ya bilauri, nikaipenda hiyo, nikaijaribu baadaye kwa kisu na bilauri ya hotelini mpaka mwenye hoteli akaninyang'anya kisu.

Zamu ya Fundi ilifika siku ya pili alasiri, dakika kumi. Alizungumza Kiswahili, Bi Mwalimu akatafsiri. Alieleza waya, urefu wake, saa yake. Alipotaja jibu, nyuma kabisa mtu akacheka kwa pua.

Mwenyekiti alikuwa Mzungu wa mambo ya miamba, mpole, mwenye masikio mekundu. Aliongea na Bi Mwalimu kwa muda, naye akamgeukia Fundi. "Anasema kazi yako ni safi. Waya safi, saa safi. Lakini jibu hilo haliwezekani, maana wameshapima bandarini na wameshapima Pugu, na Kariakoo iko katikati. Anauliza kama mhesabu huenda aliteleza. Sema tu hivyo, uhesabu upya, uwapelekee barua. Mstari wako watauwekea nafasi kitabuni mwezi mzima."

Vichwa mia moja na themanini na kadhaa vikamgeukia. Fundi aliniangalia mimi kule mlangoni. Sikuweza kusoma uso wake, na nyuso ni kazi yangu.

"Mwambie," akasema, "saa yangu naweza kuitilia shaka. Ni chuma. Waya naweza kuutilia shaka. Lakini aliyehesabu ni yule pale, na yule huhesabu mara mbili. Siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ameteleza ili mimi niandikwe."

Mwenyekiti akashukuru. Makofi yakapigwa, yale ya mvua ya rasharasha. Tukatoka. Njiani, tulipofika kwenye bustani, nilimwambia, "Fundi, ungesema tu. Mimi lingenipunguzia nini?"

"Ulikosea?"

"Hapana."

"Basi ningesemaje?"

Kitabu kilichapwa. Bi Mwalimu alikileta sokoni, nami nilikipekua kurasa zote, kisha nikakipekua tena kutoka nyuma. Kulikuwa na bandari, kulikuwa na Pugu, hata ile bilauri ilikuwemo. Kariakoo haikuwemo. Fundi alikipokea, akakipima uzito mkononi, akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Hatukulizungumza tena. Aliendelea kurudisha vidafu vyangu na mimi nikaendelea kuvitoa. Miaka ikapita, macho yakaanza kumfa, kwanza lile la kioo. Mtoto wa jicho. Alirudisha saa za watu moja moja kwa miguu yake, akabaki na moja tu, ile ya milimani, ambayo wenyewe walichoka kuidai. Dirisha likawa la muuza miswaki.

Muongo ule ulikuwa unakaribia kwisha nilipomwona anakuja bandani, fimbo mbele. Saa nane alisema angefika, na saa nane alifika. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Shikamoo, Fundi. Leo umewahi."

"Marahaba. Sioni vivuli, sina cha kunichelewesha." Akapapasa sanduku, akakaa. "Bi Mwalimu amenisomea tangazo. Mkutano unarudi. Waya wetu uko wapi?"

Ulikuwa palepale juu ya boriti. Nilikuwa nautundikia kikapu. Nikatoa kikapu, nikafunga donge la risasi, ambalo nilikuwa nalitumia kuzuia mlango.

"Saa siwezi kuitazama," akasema. "Nataka kusikia tu. Hesabu kwa sauti, moja moja, nami nisikilize boriti."

Nikaliachia donge. Boriti ikalia, nyii, nikasema moja. Nyii, mbili. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Muuza majembe alipita kwa ncha za vidole. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. "Hamsini!" nikapaza, mkono ukaenda wenyewe kwenye lundo, ukachukua nazi, ukaitupa pembeni. Nyii. Nyii. Moja, nikasema.

"Ngoja," akasema Fundi.

Nikaacha kuhesabu. Donge likaendelea kwenda na kurudi.

"Baada ya hamsini, boriti imelia mara moja hukusema kitu."

"Hiyo ni alama."

"Alama ya nini?"

"Ya hamsini. Ni ya mnunuzi, haihese..." Sikuimaliza. Nikakaa juu ya nazi, jambo ambalo simruhusu mtu yeyote kulifanya. Kila hamsini, mpito mmoja wa donge haukutajwa. Kila mia, miwili. Na nilikuwa nimehesabu mara mbili, Jumapili mbili, nikaikosea mara mbili kwa usawa uleule. Kuhesabu mara mbili kunamfaa aliyekosea mara moja.

Fundi alikuwa anasogeza midomo. Bila karatasi, bila macho, alirudisha ile miwili mahali pake, akagawanya, akazidisha. Ilimchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Kisha akasema namba. Ilikuwa sawa na ya bandarini, sawa na ya Pugu.

"Fundi," nikasema, "nisamehe."

"Kwa lipi? Saa inasema ilivyofundishwa." Alipapasa chini mpaka akaipata ile nazi ya alama, akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa sikioni asikie maji. "Miaka yote nimenunua moja moja. Ningenunua hamsini siku moja tu, ningeijua hii."

Nilimwambia airudishe kwenye lundo, maana hakuna aliyeinunua. Hakuirudisha. Aliiweka mapajani, ndiyo nyongeza ya kwanza aliyowahi kupokea kwangu.

"Sasa sikiliza, Bwana Hesabu," akasema. "Bi Mwalimu anakuja kesho kuniandikia barua. Urefu wa waya atauandika, muda atauandika, na jibu tunalo. Lakini wale mabwana wana mahali pa kueleza kosa la kwanza lilitoka wapi, na wasipoeleweshwa hawachapi. Nikiandika mhesabu alikosea, nitakuwa nimesema uongo, maana hukukosea, ulitoa. Nikiandika kwamba Kariakoo kila hamsini ina moja ya mnunuzi, watacheka tena kwa pua, na mstari utapotea mara ya pili, na mimi ya tatu sitaifikia. Wewe ndiye mtu wa soko, unajua kumwambia mtu jambo akalikubali. Nishauri. Tuandike nini?"